Kabla Hujalipia Kiwanja, Fika Ofisi ya Ardhi

Ndugu zangu mnaoanza kutafuta mali ya ardhi, hasa vijana mnaojibana kila mwezi ili mpate kiwanja Kigamboni, Chanika, Bunju au Kibaha, nawaombeni mnisikilize. Siku hizi walimu wa utajiri wa ardhi ni wengi. Ziko semina za hotelini, ziko video kwenye simu, wako madalali wanaopiga asubuhi na jioni kusema kimebaki kiwanja kimoja tu na mteja mwingine yuko njiani. Sisemi wote ni waongo. Nasema msaada mkubwa anaouhitaji mtu anayeanza uko katika ofisi za umma, wazi kwa kila mtu, na wengi wetu tunaupita bila kubisha hodi.

Anzeni na sheria zenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Humo mtakuta kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na anachonunua mtu ni haki ya kuitumia kwa masharti, ambayo ikiwa ni ya hati ya Serikali muda wake hauzidi miaka 99. Hati ya miaka 33 iliyobakiza miaka sita haina thamani sawa na ile ya miaka 99, hata viwanja vikiwa vimepakana. Hati iliyoandikwa makazi haikuruhusu kujenga bohari. Na ardhi ya kijiji haihami kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie.

Ukishaonyeshwa kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa, chukua namba ya hati, namba ya kitalu na ya kiwanja, uende kwa Msajili wa Hati ukaombe upekuzi. Utalipa ada ya Serikali na utapata jibu la maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mahakama au na mtu mwenye madai. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wameonyeshwa hati halisi yenye muhuri. Lakini hati halisi yaweza kuwa mkononi mwa mtoto wa marehemu ambaye hajateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Yaweza kuwa kwa mume anayeuza nyumba ya familia mkewe akiwa jikoni hana habari, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Basi mwulizeni mke. Mwulizeni kwa adabu, mbele ya mashahidi, naye aandike kwa mkono wake.

Kuna karatasi inayopendwa sana mitaani, mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Ina majina ya mashahidi na sahihi ya mwenyekiti, nayo inafaa kama ushahidi kwamba watu fulani walikubaliana siku fulani. Haithibitishi kuwa aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Naumia nikiona familia imeifungia karatasi hiyo sandukuni miaka na miaka ikidhani ni hati miliki.

Ofisa ardhi wa halmashauri naye ana kitu cha thamani kubwa, ramani ya mipango miji. Mwombe akuonyeshe eneo lako limepangwa liwe nini: makazi, shule, eneo la wazi au hifadhi ya barabara. Waliojenga kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, walibomolewa nyumba zao mwaka 2017 kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Zilikuwa nyumba za matofali, zenye wapangaji, zenye umeme. Bili ya umeme haikugeuka kuwa haki ya ardhi.

Kisha mchukue mpima ardhi mwenye leseni mwende naye kiwanjani. Atafyeka majani kwenye pembe, atatafuta bikoni, yaani alama za mipaka, moja moja, atasoma namba iliyoandikwa juu ya zege na kuilinganisha na ramani ya upimaji. Bikoni moja ikikosekana au ikiwa imehamishwa, mtajua papo hapo. Mkiwa huko, msalimuni jirani mzee, mpeni shikamoo na mumwulize maji ya masika hupita wapi. Swali hilo si dogo: mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya watu wengi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wahamishiwe Mabwepande.

Nisiache hesabu, maana hapa ndipo wengi hupumbazwa na sifa ya kuitwa mwenye nyumba. Tuseme nyumba imekugharimu shilingi milioni 60 na unaipangisha kwa 300,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja ikikaa bila mpangaji, umepokea milioni 3.3 kwa mwaka. Toa kodi ya Serikali, asilimia 10 ya pango, toa 400,000 za rangi, mabomba na paa. Umebaki na milioni 2.57, kama asilimia 4.3 ya fedha yako. Hatifungani za Serikali za muda mrefu zimelipa zaidi ya asilimia 10. Ni kweli nyumba huweza kupanda thamani, na ukiwa mzee hukosi pa kulala. Mimi nazithamini sababu hizo. Lakini kijana asikope kwa riba kubwa kujenga nyumba inayomrudishia asilimia nne. Kama mtaji haujatosha, akiba na ikae kwanza kwenye hatifungani au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005.

Siku ya kulipa, mtafute wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji. Msikubali kuhesabu noti mezani. Fedha zipite benki, ziingie akaunti yenye jina lile lile lililotoka kwenye upekuzi, na sehemu ya mwisho ishikwe na wakili hadi uhamisho usajiliwe kwa jina lako.