Dawa ya nguvu za kiume: swali moja ambalo muuzaji haulizi

Jioni, katika famasi ndogo za Kadutu, mjini Bukavu, mwanaume anasubiri kwanza wamama watoke. Kisha anainama juu ya meza na kusema kwa sauti ya chini: « Nipe ile ya buluu. » Anapewa, analipa, anaenda. Mara nyingi karatasi ya munganga haiombwi. Goma, Uvira ao Butembo, mambo ni yale yale.

Lakini kuna swali moja ambalo lingeweza kuokoa uhai wake: « Papa, unatumia dawa yoyote ya moyo? »

Sildenafil, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, haikutafutwa kwa ajili ya mambo ya kitanda. Watafiti wa kampuni ya Pfizer, huko Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya moyo. Ni tarehe 27 Machi 1998 ndipo Marekani iliikubali kama dawa ya nguvu za kiume. Inalegeza mishipa ili damu ipite kwa wingi. Trinitrini na isosorbidi, ambazo mgonjwa wa moyo anapewa akiumwa kifua, nazo zinalegeza mishipa. Zikikutana na sildenafil, tansio inaanguka ghafla. Mtu anaweza kuzimia, anaweza pia kufa.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauzungumzii. Mwanaume amekunywa kidonge kwa siri, na usiku kifua kinamubana. Anabebwa kwa pikipiki mpaka hospitali. Mke hajui kitu, ndugu waliomubeba hawajui, na yeye anaona haya kusema mbele ya watoto wake. Munganga anaweza kumuwekea trinitrini chini ya ulimi, kwa nia nzuri kabisa. Lakini mtu aliyekunywa sildenafil hapaswi kupewa trinitrini mbele saa 24 zipite; kwa tadalafil, ni saa 48. Neno moja kwenye sikio la munganga lingebadilisha matibabu yote.

Wagonjwa wa moyo si peke yao. Ritonavir, ambayo imo katika dawa fulani za virusi vya Sida, inazuia mwili kuiondoa sildenafil haraka. Mtu anayetumia ritonavir hapaswi kupita miligramu 25 ndani ya saa 48, na mitaani kunauzwa vidonge vya 100. Nani atasema habari ya namna hiyo mbele ya watu wanaosubiri nyuma yake? Ndiyo sababu kila famasi ingepaswa kuwa na pembe ya kuzungumzia, hata ikiwa ni pazia tu. Pazia halina bei kali.

Vijana wasiougua kitu, nao, wanameza viwili pamoja na pombe kali ili wasipate aibu. Kwa kawaida mtu anaanza na miligramu 50, saa moja hivi mbele ya tendo, si zaidi ya mara moja kwa siku. Mzee aliyepita miaka 65 anaanza na 25. Kidonge hakileti hamu kwa mtu asiyekuwa nayo. Na ikiwa uume unabaki umesimama zaidi ya saa 4, ni hospitali mara moja, si kungoja asubuhi.

Wengine wanasema afadhali mizizi na unga wa kienyeji. Katika inchi nyingi wakaguzi wamekuta sildenafil imefichwa ndani ya pakiti zilizoandikwa « asili tupu ». Anayekunywa hajui kipimo, hajui hata kwamba amekunywa dawa.

Ni kweli, fishi ya hospitali inaweza kupita bei ya kidonge. Ila nguvu zinazopungua mara nyingi ni alama ya kwanza ya ugonjwa wa sukari, tansio ao mishipa ya moyo inayoanza kuziba. Anayezinunua kwa siri kila juma anafunika alama hiyo, miaka inapita. Kumupima tansio palepale famasini kunachukua dakika chache.

Wakaguzi wa afya wa jimbo wangeweza kuanza na jambo jepesi: waingie kama wanunuzi, bila beji, waombe ile ya buluu, kisha wasikilize kama kuna muuzaji atakayewauliza kitu.