Kibao cha Barabarani Nacho Kina Tanga

Watu wengi wa pwani yetu wamezoea kudhani kwamba vimbunga ni mambo ya Madagaska na Msumbiji, nasi huvisikia redioni tu. Historia haikubaliani nao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangamiza mikarafuu yake. Tarehe iyo hiyo, mwaka 1952, kingine kiliingia Lindi na kuua watu 34. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kati ya Mocímboa da Praia na mji wa Pemba (Pemba ya Msumbiji, si kisiwa chetu), chini ya kilometa 300 kutoka Mtwara, kikiwa na upepo wa takriban kilometa 220 kwa saa. Wakazi wa mabondeni Mtwara waliambiwa wahame, na shule zikafungwa. Mwezi Mei 2024 kikaja Hidaya, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini huko Kilwa.

Katika mazungumzo yanayofuata misiba ya namna hii husemwa habari za nyumba, minazi na mashua. Habari za vibao vya barabarani hazisemwi, nami naona hilo ni kosa. Fikiria barabara itokayo Mtwara kupitia Madimba hadi Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi. Ndiyo njia ya wanakijiji, na ndiyo njia ya magari yaendayo kwenye visima vya gesi. Usiku wa tufani, umeme umekatika na maji yamefunika kingo za barabara, dereva wa gari la wagonjwa hana kitu kingine cha kumwonyesha kona kali au daraja jembamba isipokuwa kibao kile kinachong'aa taani. Kikiwa kimeng'oka, si kwamba hakipo tu. Huenda kinaruka hewani kama panga.

Tupime basi ukubwa wa shari yenyewe. Kanieneo ya upepo, kwa nyutoni katika meta ya mraba, hupatikana kwa kuzidisha mraba wa kasi (meta kwa sekunde) kwa 0.613. Bamba bapa lililoukabili upepo hupata nyongeza ya kiasi cha sehemu moja ya tano, kwa sababu ya mvuto unaotokea mgongoni mwake. Kibao cha mviringo chenye kipenyo cha sentimeta 60, katika upepo wa kilometa 36 kwa saa, husukumwa kwa nyutoni 21, yaani kama uzito wa kilo 2. Katika upepo wa kilometa 220 husukumwa kwa nyutoni 770 na zaidi: uzito wa mtu mzima wa kilo 79. Kasi imeongezeka mara 6 hivi, kani imeongezeka mara 37. Na mtu huyo amening'inia kwenye ncha ya wenzo wenye urefu wa meta 2.4, naye anaung'oa msingi wa nguzo.

Mafundi wengi hukimbilia kutoboa mashimo ili upepo upite. Hesabu haiwaungi mkono. Mashimo 20 yenye kipenyo cha sentimeta 2 kila moja hupunguza eneo la kibao hicho kwa sehemu 2 tu katika 100, na maandishi yanaharibika bure.

Udhaifu wa kweli, katika pwani ya Ruvuma, uko chini ya ardhi. Kimbunga huja na mvua, na mchanga uliozama majini hupunguziwa uzito kwa kanuni ileile ya Archimedes inayofundishwa darasani; uzito unaofanya kazi hubaki karibu nusu. Kwa hiyo msingi uliochimbwa na kupimwa wakati wa kiangazi hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake saa ileile unapohitajiwa. Fedha zinazotumiwa kununua bomba nene zaidi zingefaa kwanza kuongeza kina na upana wa zege. Tena bomba la mviringo huzunguka ndani ya zege, kibao kikageuka na kumwonyesha dereva mgongo. Kipande cha chuma kilichochomelewa kukingama kwenye kitako cha bomba kabla ya kumwaga zege huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo sana.

Hapa mtu atauliza: kwa nini tusisimike reli ya treni, tukamaliza? Kwa sababu nguzo isiyoshindwa na upepo humuua dereva anayeigonga. Marekani, tangu miaka ya 1960, wametumia kiungo chenye mabamba mawili karibu na usawa wa ardhi, yaliyobanwa kwa bolti zilizokaa katika mianya iliyo wazi upande mmoja. Upepo husukuma juu na kutaka kuipindua nguzo. Bolti huvutwa, nazo hustahimili. Gari hugonga chini. Mabamba huteleza, bolti hutoka katika mianya, na nguzo huachia. Kiungo kimoja, tabia mbili. Naona ni somo zuri la fizikia kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Ila hewa ya chumvi ya Msimbati haina huruma: bolti zisizochovywa katika zinki hushikwa na kutu, na kiungo kilichoshikwa na kutu hakitelezi tena.

Vibao vikubwa vya kuonyesha miji ni jambo jingine. Kibao cha meta 3 kwa 2 katika upepo ule husukumwa kwa kani inayolingana na uzito wa tani 1.7. Kukijengea msingi wa kuhimili mzigo huo kila mahali ni ubadhirifu, maana kupotea kwake kwa wiki moja hakumpotezi mwenyeji. Nahodha hashindani na tufani kwa kununua mlingoti mnene, hutua tanga. Manila, Ufilipino, baada ya kimbunga Xangsane kuangusha mabango mwaka 2006, wenye mabango wamekuwa wakiamriwa kuyakunja tufani inapotangazwa. Siku hizi kimbunga hutabiriwa siku kadhaa kabla. Mabamba makubwa yafungwe kwa namna ambayo mafundi wawili, wakiwa na ngazi na spana, waweze kuyateremsha na kuyaweka ghalani. Wezi wa vyuma chakavu nao wasikute kitu njiani.

Walimu wa Mtwara wanaweza kuwatuma wanafunzi kupima kibao kilicho karibu na lango la shule: kipenyo, kimo na hali ya bolti. Kikiwa na kipenyo cha sentimeta 90 badala ya 60, wategemee kani mara 2 na robo ya ile tuliyoikokotoa hapa.