Aliyeugua Moyo Asiachwe Kitandani

Katika familia zetu za Mbulu na Hanang mtu aliyepata mshtuko wa moyo hupokewa kwa upendo mwingi anaporudi kutoka hospitali. Ndoo hupokonywa, jembe hufichwa, hata kigoda huletewa pale alipo. Nia ni njema. Lakini kwa maoni yangu upendo huo ukiendelea miezi na miezi humdhoofisha yule tunayetaka apone.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba, na sehemu ya misuli ya moyo ikafa. Kidonda hicho huhitaji muda, hivyo mapumziko ya siku za mwanzo ni ya lazima. Zamani madaktari walizidisha: mgonjwa alilazwa hata wiki sita. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston, Marekani, waliandika kwamba ni heri mgonjwa aketishwe kitini mapema. Baadaye kutembea kukawa sehemu ya tiba. Mwaka 2000 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba hata kuinua vitu vyepesi, kwa mpango, kunawafaa wagonjwa wengi wa moyo ambao hali yao imetulia.

Sababu yake ni rahisi. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Kwa mtu ambaye mikono na miguu imelegea kwa kulala, mzigo huo humaliza karibu nguvu zake zote. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda ghafla. Misuli ikiimarika, ndoo ile ile huchukua sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na moyo hufanya kazi kwa utulivu.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Huku kwetu kuna milima, kuni, maji, mifugo na shamba. Mvua zikianza, mkulima atashika jembe hata tukimkataza. Swali si kama atabeba kitu, bali atabeba akiwa ameandaliwa au hakuandaliwa. Anayetoka kitandani kwenda moja kwa moja shambani yumo hatarini.

Basi aandaliwe hivi. Kwanza, daktari ampime na kumruhusu. Kwa kawaida mazoezi ya uzito huanza si chini ya wiki 5 baada ya mshtuko, naye awe ametangulia kutembea kwa wiki kadhaa. Aliyepasuliwa kifua husubiri zaidi. Ambaye bado anaumwa kifua, moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, au shinikizo lake liko juu sana, asianze mpaka atibiwe.

Akisharuhusiwa, siku mbili kwa wiki zisizofuatana zinatosha. Aketi kitini na kuinuka, mara 10. Asimame na kuusukuma ukuta kwa mikono, mara 10. Ainue chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, mara 10 hadi 15. Akiona ni rahisi kwa wiki moja au mbili, aongeze kidogo: chupa ya lita moja, kisha kidumu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Asizuie pumzi kamwe, maana hilo hupandisha shinikizo la damu. Atoe pumzi anapoinua, avute anaposhusha. Kama hawezi kuongea huku akifanya zoezi, mzigo ni mzito mno. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio ovyo, aache mara moja. Maumivu yasipokoma baada ya dakika chache, akimbizwe hospitali. Dawa zake asiziache hata akijisikia mzima.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Ninyi wauguzi na madaktari, msimruhusu mgonjwa kwa neno "pumzika" peke yake. Mwambieni atembee kiasi gani, ainue nini, na lini. Nanyi familia na jumuiya ndogo ndogo, mnapomtembelea mgonjwa msiishie kumpa pole na uji. Mwulizeni daktari alisema nini, tembeeni naye, mhesabieni anapoinuka kitini. Baba au mama anayeweza tena kujichotea maji amerudishiwa pia heshima yake nyumbani.