DADA STAA, FUNGUA HUO MLANGO WA KABATI TUONE NDANI!

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni maana timu yake naijua kwa matusi, katupia video ya bafu lake baada ya ukarabati. Marumaru mpaka darini, kioo cha duara chenye taa, na chini ya kioo kabati la sinki jeupe pee, limening'inia ukutani halina hata mguu mmoja. Juu yake sasa, badala ya sinki tulilozoea, kuna bakuli kubwa kama la kupakulia pilau ya shughuli. Hongera zake, bafu zuri, sina neno.

Neno ninalo kwenye maelezo ya chini. Eti mwanamke anayejielewa hawezi kuwa na sinki la mguu nyumbani kwake mwaka huu. Halafu ukishuka, ukishuka mpaka kidole kichoke, ndio unakuta duka limetajwa na namba ya kuagiza. Kumbe ni tangazo! Mbona hukusema toka juu, bibie? Sisi tulidhani unatuonyesha nyumba.

Mnajua kwa nini nimekasirika? Dada yangu wa damu, ana genge la chakula, alipopokea mchezo wake mwaka jana akasema sasa natengeneza bafu. Sinki lake la mguu lilikuwa zima kabisa, kaling'oa. Akanunua kabati la hivyo hivyo, laki nne na nusu, bado hela ya fundi. Miezi miwili ya kwanza kila mgeni anapelekwa kunawa bafuni hata kama hajala. Mwezi wa tano kabati likavimba kwa chini kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Milango haifungi, rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Fundi bomba kufungua, kiungio cha bomba la maji machafu kilikuwa kinadondosha tone moja moja, basi. Tone! Karudi dukani, wakamwambia hawabadilishi kwa sababu amelilowanisha.

Kabati la bafuni. Amelilowanisha. Nirudie?

Sasa wadau tuambiane ukweli ambao kwenye video haupo. Makabati mengi ya namna hii ndani yake ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi. Nje kuna rangi au plastiki nyembamba inang'aa. Maji yakipata pa kupenya, kwenye ukingo au kwenye lile tundu fundi alilokata kupitisha bomba, ndani kunafyonza na kuvimba, na kikishavimba hakirudi. Kuna MDF ya kuhimili unyevu, mara nyingi ukiangalia ilipokatwa utaona ina rangi ya kijani, lakini kuhimili unyevu siyo kuogelea. Na mabafu yetu tunayajua. Bomba la mvua liko hatua moja kutoka kwenye sinki, hakuna kioo cha kutenganisha, ukioga na ukuta unaoga. Maji yakikatika tunaingia na ndoo na kopo, ndio kabisa. Huyo staa ana chumba chake cha kuogea peke yake, kikubwa kuliko sebule ya dada yangu, kabati lake halitarushiwa hata tone. (Kuna upepo unavuma kwamba nyumba yenyewe kapanga, huko siingii.)

Halafu hilo bakuli. Kabati likiwa na sentimita 85 kutoka chini, weka bakuli la 15 juu yake, umefika mita moja. Mtoto wa miaka mitano hafiki. Mama yetu akitaka kutawadha anainua mikono kama anaomba lifti, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko na kwenda sakafuni. Na koki lazima ununue ile ndefu, ya kawaida haivuki ukingo wa bakuli. Kama mtaani kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, koki ya bei rahisi iliyopakwa mng'ao tu utaiona inavyoliwa. Ukiishika ni nyepesi kama toy, iache. Ya shaba ina uzito.

Dada yangu sasa hivi ana nini? Fundi kamwagia kijukwaa cha zege, juu marumaru zilizobaki za sakafuni, sinki limezamishwa humo, chini mlango wa alumini. Mafundi alumini wamejaa kila mtaa. Ukitaka mbao kweli, nenda Keko kaongee na seremala akupigie ya mninga au mtiki, na msimamie akipaka vanishi mpaka chini na nyuma, siyo mbele tu panapoonekana. Na kama moyo umeshaangukia hilo la dukani, basi walau mwambie fundi apige silikoni kwenye kila ukingo na kuzunguka tundu la bomba kabla hajalifunga.

Najua mtakuja na "muache aishi maisha yake". Aishi! Sijamwambia ang'oe. Ninachokataa ni mtu aliyelipwa kumwambia mama ntilie kwamba hajielewi kwa sababu ana sinki zima lisilovuja. Dada yangu alijielewa vizuri tu mpaka alipofungua Insta.

Kwa hiyo bibie, mwezi wa sita ukifika, piga magoti, fungua huo mlango wa chini, washa tochi ya simu uturekodie mle ndani bila kichujio. Laiki ya kwanza itakuwa yangu. Na nyie wadau mlioshanunua, lenu limefikisha miezi mingapi? Shusheni komenti, na picha ya chini siyo ya juu.