Uchambuzi: Meli za hisani, visiwa vyetu na bei ya kujitolea

KAMPALA – Uganda haina bahari, na meli kubwa za hospitali zinazotia nanga katika bandari za Afrika hazitafika Port Bell. Hata hivyo, swali linaloibuliwa na meli hizo linatuhusu moja kwa moja: mgonjwa anapozungukwa na maji, nani atamfikia, na kwa gharama ya nani?

Shirika linalojulikana zaidi katika kazi hii ni Mercy Ships, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1978. Meli yake mpya, Global Mercy, yenye vyumba 6 vya upasuaji, ilianza kuhudumia Freetown, Sierra Leone, mwaka 2023. Nyingine, Africa Mercy, ambayo zamani ilikuwa feri ya kuvusha treni nchini Denmark, ilirejea Toamasina, Madagaska, mwaka 2024. Wagonjwa wa mtoto wa jicho, uvimbe, mdomo sungura na miguu iliyopinda hupasuliwa humo bila malipo.

Wanaoishi ndani ya meli hizo si madaktari na wauguzi pekee. Wamo wapishi, mafundi wa mitambo, walimu na wafanya usafi. Baadhi huishi humo na familia zao, na watoto wao husoma katika shule iliyomo melini. Vyumba ni vidogo, na wengi hulala chumba kimoja na watu ambao hawakuwafahamu kabla. Faida ya mpango huu ni dhahiri: meli huja na umeme wake, maji yake safi na vifaa vyake, hivyo upasuaji hausubiri hospitali ijengwe.

Lakini anayejitolea hapati mshahara. Kwa desturi hujilipia nauli, na pia huchangia gharama za chakula na malazi. Kwa daktari mstaafu wa Ulaya au Marekani, hilo ni jambo la kuweka akiba na kupanga likizo. Kwa muuguzi wa Kampala anayelipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zake, miezi mitatu bila kipato ni mzigo usiobebeka, hata kama moyo wake una ari kuliko wa yeyote. Kwa hiyo tunapowaona wageni wengi kuliko Waafrika miongoni mwa waliojitolea, tusikimbilie kusema kwamba Waafrika hawana moyo wa kutoa. Kujitolea kuna bei, na si kila mtu anaimudu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi umo katika Ziwa Victoria lenyewe. Upande wa Tanzania, shirika la Vine Trust la Uskoti lilileta meli ya tiba iitwayo Jubilee Hope, ambayo imehudumia visiwa vya eneo la Mwanza. Wageni waliojitolea walikuja kwa muda mfupi, wakafanya kazi bega kwa bega na wahudumu wa afya wa Kitanzania. Hao wa mwisho ndio walioijua lugha ya mgonjwa na desturi za kisiwani, na ndio waliobaki wageni walipoondoka. Mgeni huleta ujuzi na dawa. Mwenyeji ndiye anayejua nani hakurudi kwa dozi ya pili.

Turudi kwetu. Wilaya ya Kalangala imeundwa na visiwa 84 vya Ssese, na Buvuma ina visiwa zaidi ya 50. Katika vijiji vya wavuvi, ambako Kiswahili husikika sambamba na Kiganda, kichocho ni ugonjwa wa siku zote, na maambukizi ya VVU yamekuwa juu ya wastani wa taifa kwa miaka mingi. Feri ya MV Kalangala hutumia zaidi ya saa tatu kutoka Nakiwogo, Entebbe, na haifiki kila kisiwa. Mjamzito aliyepatwa na uchungu usiku hutegemea mtumbwi, hali ya upepo na bei ya petroli.

Mwaka 2025 umeongeza uzito wa suala hili. Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari Wizara ya Afya iliagiza kliniki maalumu za VVU na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mjini, mgonjwa huenda akabadilisha foleni tu. Kisiwani, mhudumu mmoja aliyekuwa akilipwa na mradi akiondoka, huenda hakuna foleni nyingine ya kujiunga nayo.

Katika mazingira haya, ni rahisi kutamani meli ya hisani itokee upeoni. Uchambuzi wa makini unaonyesha kwamba tayari tunao watu wa kujitolea majini, ila hawana meli. Ni wahudumu wa afya wa vijiji, ambao mfumo wao ulianzishwa mwaka 2001. Hutembea nyumba kwa nyumba, huhimiza chanjo na huwapeleka wagonjwa vituoni, wengi wao bila mshahara. Tofauti yao na wale wa melini ni kwamba mgeni huchagua muda wa kujitolea na siku ya kurudi kwao, ilhali mhudumu wa kijiji hana pengine pa kurudi.

Wahisani wakija, wakaribishwe. Serikali na halmashauri za wilaya ziweke masharti mawili mapema: kila safari ifundishe wahudumu wa visiwani, na kila mgonjwa aachwe mikononi mwa kituo kinachojulikana, chenye dawa na boti yenye mafuta. Nayo mashirika yanayotaka vijana wetu melini yafikirie kuwagharimia nauli na malazi.

Meli ya hisani hupimwa vyema siku inapong'oa nanga. Ikiwa mama wa Buvuma atampata mkunga siku inayofuata, imefanya kazi yake. Asipompata, tulichopata ni ugeni mwema, na mgeni hachukui nafasi ya mwenye nyumba.