Telefone ilitoka na baba

Juma hili tuongee juu ya telefone, lakini si ile ya biashara.

Mwalimu wa binti yangu, darasa la sita, amegeuza kazi yake. Zamani aliandika somo lote kwenye ubao, watoto wanakopi, kengele inalia, mazoezi yanakuja nyumbani. Sasa anarekodi somo kwa sauti yake, dakika saba hivi, anatuma kwenye WhatsApp ya wazazi. Usiku mtoto anasikiliza na kuandika kwenye kaye swali moja ambalo hakuelewa. Kesho yake darasani ni mazoezi tu, na mwalimu anapita kati ya mabenchi kuona nani amekwama.

Mimi nilifurahi. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure, madarasa yamejaa. Mwalimu anayemaliza saa nzima kwenye ubao ataona kaye ya mtoto wa nyuma wakati gani? Na mwisho wa mwaka mtihani wa taifa unawangoja.

Siku ya tatu binti yangu akarudi analia. Hakuwa amesikiliza somo. Telefone yenye WhatsApp ni ya baba yake, naye alikuwa kazini usiku. Na kusema kweli, hata ingekuwepo, mimi nilikuwa nimemtuma maji, kisha sahani, kisha ambebe mdogo wake. Kaka yake alikuwa amekaa tu. Wenzake walipoanza mazoezi, yeye alikaa kama mgeni: somo lilimpita nyumbani, likampita tena darasani.

Njia hii ilijulikana kupitia walimu wawili wa kemia wa Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa darasa. Hata kule, wasio na intaneti nyumbani waliwekewa somo kwenye diski. Basi sisi tunangoja mega za nini?

Tulienda watatu kumwona mwalimu. Alitusikiliza vizuri. Tulipatana arekodi masomo ya juma zima mara moja, sisi tuyaweke kwenye kadi ya memwari. Yule kijana anayejaza nyimbo sokoni anaweza kujaza na masomo. Kadi inaingia kwenye telefone ndogo ya vibonye, mradi ina nafasi yake, na hata kwenye redio ndogo zenye tundu la kadi. Mnakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa, masomo yalipita kwenye Redio Okapi. Yalisaidia, lakini redio haimngoji mtoto aliyeenda kuteka maji. Kadi inamngoja, na anaweza kuirudisha nyuma mara tano. Asiyesikiliza kabisa, mwalimu atampa dakika kumi za kwanza asikilize kwenye kona ya darasa.

Shule yenye kompyuta inaweza kuomba Kolibri, programu ya bure inayobeba masomo na kuyagawa kwa mashine za jirani bila intaneti. Inataka umeme na mtu anayeijua. Komite ya wazazi iulize.

Wengine mtasema, mimi Kifaransa cha hesabu kinanipita, nitamsaidia vipi? Kinanipita na mimi. Ninamwambia anieleze kwa Kiswahili wakati ninasonga bukari. Juzi alikunja kikwembe cha zamani mara nne, kisha mara nane, akisema sehemu ya nane ni kubwa kwa sababu nane inapita nne. Alipovipima vipande kwa mkono akanyamaza. Sikumpa jibu, nilimwambia aandike swali lake. Mwalimu alianza nalo kesho yake.

Sasa kwenye avenue yetu watoto sita wanasikilizia pamoja kwa mama mwenye paneli ya jua, nusu saa kabla ya chakula. Wasichana kwanza, maji baadaye.

Mwenye telefone ya vibonye aje nayo Jumamosi kwenye kikao, tujaribu kama inasoma kadi. Na kwangu, sahani za Jumanne na Alhamisi ni za kaka yake. Ameshavunja moja.