Dakika Nne na Zile Sita za Baadaye

Huko Marekani, tangu mwaka 1987 walipoadhimisha miaka 200 ya Katiba yao, yapo mashindano ya elimu ya uraia yaitwayo We the People, ambamo wanafunzi huketi mbele ya waamuzi mfano wa mashahidi walioitwa na kamati ya Bunge, wakatoa hotuba ya ufunguzi kwa dakika nne, kisha wakahojiwa kwa dakika sita. Jamaa zetu wengi wamehamia nchi hiyo na watoto wao wamo katika skuli zake, kwa hiyo nasaha hii haiwaendei wageni watupu.

Darasa hugawanywa makundi sita, na kila kundi hupewa maswali yake ya hotuba mapema. Hapo ndipo penye mtihani, kwani ajuaye swali mapema hushawishika kuandika kabla ya kusoma, akatunga maneno ya fasaha, na dalili za kuyategemeza akazitafuta baadaye. Rai yangu ni kinyume cha hayo: mwanafunzi na aanze kwa kumsoma yule asiyekubaliana naye.

Tuseme ameulizwa kama nchi kubwa yaweza kutawaliwa kwa jamhuri pasipo raia kupoteza uhuru wao. Aghalabu atakimbilia insha ya kumi ya Federalist, zile insha za kuitetea Katiba ilipokuwa ikipendekezwa, aliyoiandika James Madison katika Novemba 1787, anukuu hoja yake kwamba katika nchi pana makundi yenye maslahi mbalimbali huwa mengi hata lisipatikane moja la kuyadhulumu mengine, na hapo ataridhika. Lakini mwezi mmoja kabla yake, katika magazeti ya New York, mtu aliyejisitiri kwa jina la Brutus alikwisha kudai, akishika kauli ya Mfaransa Montesquieu, kuwa jamhuri haisimami ila katika nchi ndogo, maana katika nchi kubwa mwakilishi hawajui waliomtuma, wala wao hawawezi kumdhibiti. Amsomaye Brutus kwa insafu, hata akakaribia kumsadiki, ndiye atakayefahamu Madison alilazimika kujibu nini. Tena ataona, na jambo hili hupitwa na wengi, kuwa Madison katika insha ile ile amekiri kwamba mwakilishi wa watu wengi mno hatazijua hali za kwao, akaona dawa yake ni mambo makubwa kuachiwa serikali ya shirikisho na ya mahali kuachiwa majimbo. Na hapo ndipo mwamuzi makini atakapouliza.

Hali kadhalika katika hukumu. Mwaka 1896, Mahakama ya Juu ilipohalalisha ubaguzi wa rangi katika magari ya moshi ya Louisiana, Jaji John Marshall Harlan alipinga peke yake. Asiyesoma upinzani huo atastaajabu bure kuona Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1954, ikiukataza ubaguzi katika skuli za umma.

Baada ya hayo kuandika huwa kwepesi, nami sina mengi ya kusema juu yake, illa hili: hotuba ikishakamilika, wanakundi waisome sentensi kwa sentensi, na kila mmoja aulizwe na wenziwe chanzo cha kila dai na jibu la mpinzani wake, na sentensi isiyopata wa kuitetea ifutwe, ijapokuwa ndiyo iliyopendeza kuliko zote.